Blue Badge na pasi ya basi England: jinsi ya kumwombea mzee au mtu mwenye ulemavu bila fomu kurudishwa

Maswali yanayokuja ni yale yale. Mama ana miaka sabini na mbili, magoti yamechoka, mbona kaunsili imemnyima Blue Badge, beji ya maegesho ya gari kwa watu wenye ulemavu? Baba analipwa Attendance Allowance, malipo ya wazee wanaohitaji kuhudumiwa, kwa nini haitoshi? Viza imeandikwa asitumie fedha za umma, tukimwombea pasi ya kupanda basi bure hatutamharibia makaratasi? Mwongozo huu ni wako unayemjazia fomu mzazi, mwenzi au mtoto, na wako pia unayejiombea mwenyewe. Taratibu zake ni za England. Scotland, Wales na Northern Ireland zina sheria zao, na tofauti kubwa zimetajwa zinapohusika.

Shika jambo moja kabla ya yote. Umri peke yake haumpi mtu Blue Badge, wala jina la ugonjwa. Kinachopimwa ni jinsi mtu anavyotembea, au anavyoweza kutoka nyumbani hadi anakokwenda. Wanaostahili wengi hukataliwa kwa sababu fomu imejazwa "ana baridi yabisi, anaumwa sana" ikaishia hapo. Afisa anayeisoma hamjui mama yako. Anachokijua ni kilichoandikwa.

Kuhusu viza

Home Office, wizara ya mambo ya ndani, ina orodha ya misaada inayohesabiwa kuwa fedha za umma, na inaitaja kwa majina: Universal Credit, PIP (malipo ya ulemavu), Attendance Allowance, Pension Credit, nyumba ya kaunsili na mingine. Blue Badge na pasi ya basi havimo katika orodha hiyo. Mwenye viza yenye sharti hilo anaweza kuviomba akiwa anaishi eneo husika na anatimiza masharti ya umri au ulemavu. Asichoweza ni kuomba PIP ili imfungulie njia ya Blue Badge. Yeye apite njia ya tathmini iliyoelezwa hapa chini.

Vitu vya kuweka mezani kabla ya kuanza

- Kitambulisho: pasipoti, cheti cha kuzaliwa au leseni ya udereva. Jina kwenye fomu liwe vilevile lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama pasipoti ina majina matatu na barua za hospitali zina mawili, fuata pasipoti, kisha eleza tofauti hiyo kwa mstari mmoja mahali pa maelezo ya ziada.
- Ushahidi wa anwani. Unaotegemewa zaidi ni bili ya Council Tax (kodi ya makazi ya kaunsili), lakini mzee anayekaa kwa mwanawe hana bili yenye jina lake. Barua ya pensheni au ya DWP (idara ya serikali ya pensheni na misaada) yenye anwani hiyo kwa kawaida hufaa. Kama hana hata hiyo, ipigie kaunsili simu kwanza uulize watapokea barua gani. Usipakie bili yenye jina lako ukidhani wataelewa.
- Picha ya kichwa na mabega iliyopigwa karibuni. Simu inatosha: ukuta mweupe nyuma, mwanga mbele, hakuna kivuli usoni. Hijabu au kilemba cha dini si tatizo, mradi uso wote uonekane.
- Namba ya National Insurance, kama anayo.
- Barua ya uamuzi ya PIP au DLA (malipo ya ulemavu yaliyotangulia PIP), kurasa zote. Ukurasa wa kwanza huonyesha pesa tu. Pointi ziko ndani, na ndizo zinazotafutwa.
- Orodha ya dawa na vipimo vyake. Ile karatasi ya upande wa kulia inayokuja na dawa, inayoorodhesha zile zinazorudiwa, inafaa sana. Ipige picha.
- Barua za kliniki za hospitali: mifupa, moyo, mapafu, mishipa ya fahamu, fiziotherapia, afya ya akili. Zilizo mpya zina uzito zaidi.
- Namba na tarehe ya mwisho ya Blue Badge ya zamani, kama ipo.
- Pauni 10. England kaunsili haziruhusiwi kutoza zaidi ya hapo. Scotland ni hadi pauni 20, Wales ni bure.

Ukiona tovuti inadai pauni 30 au 50 "kukusaidia kuomba", funga ukurasa. Tovuti hizo hulipia matangazo ili zitokee juu kabisa unapotafuta. Omba kupitia gov.uk au tovuti ya kaunsili yako pekee.

## Kuomba Blue Badge

1. Tafuta ofisi inayohusika. Ukiingia gov.uk na kuandika msimbo wa posta, mfumo wenyewe unakupeleka kwenye kaunsili yako. Lakini ujue kwamba katika maeneo kama Kent na Essex kuna kaunsili mbili: ya wilaya inakusanya Council Tax na kuendesha viwanja vya maegesho, ya kaunti inatoa Blue Badge na pasi ya basi. Anayepeleka karatasi wilayani anapoteza wiki nzima.

2. Jua unapita mlango gani. Kuna milango miwili, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Mlango wa kwanza ni wa moja kwa moja, bila tathmini. Anaupita mwenye mojawapo ya haya:

- PIP yenye pointi 8 au zaidi katika kipengele cha kutembea, maana yake hawezi kupita mita 50;
- PIP yenye pointi 10 katika kipengele cha kupanga na kufuata safari, kwa maelezo mahususi kwamba hawezi kufanya safari yoyote kwa sababu itamletea msongo mkubwa wa akili (maelezo E);
- DLA ya kiwango cha juu cha utembeaji;
- usajili wa upofu, yaani kutoona kwa kiwango kikubwa;
- War Pensioners' Mobility Supplement (nyongeza ya usafiri kwa walioumia jeshini), au malipo fulani ya mkupuo ya wanajeshi walioumia kazini.

Soma pointi kwa makini. Pointi 4 za kutembea na 4 za kupanga safari zinafanya 8, na zinampa mtu pesa za PIP, lakini hazifungui mlango huu. Pointi 8 lazima zote zitoke kwenye kutembea. Na katika kupanga safari ni maelezo E tu yanayohesabika. Aliyepewa pointi 10 za D, au hata 12 za F, ambayo ni maelezo mengine ya kipengele hicho, bado anapelekwa kwenye tathmini. Linawashangaza watu, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Attendance Allowance haimo kabisa, kwa sababu haina kipimo cha kutembea. Na aliyefika umri wa pensheni hawezi kuanza dai jipya la PIP. Ndiyo maana wazee wetu wengi mlango wao ni wa pili.

Mlango wa pili ni wa tathmini. Ni wa asiyeweza kutembea au anayetembea kwa shida kubwa kwa sababu ya maumivu, pumzi kukatika au muda anaotumia. Wa ambaye kutembea kunahatarisha afya yake. Na wa dereva mwenye ulemavu mkubwa wa mikono yote miwili asiyeweza kutumia mashine za kulipia. Mtoto wa chini ya miaka 3 anayelazimika kwenda na vifaa vikubwa vya matibabu, au anayelazimika kuwa karibu na gari kwa matibabu ya dharura, naye anaingia hapa. Tangu 30 Agosti 2019 mlango huu umewafungukia pia wenye ulemavu usioonekana: usonji, shida ya akili ya uzeeni, hofu kali ya mahali pa watu, mtoto anayechomoka mbio barabarani bila kujua hatari. Hali inatakiwa itarajiwe kudumu angalau miaka 3. Mgonjwa aliye katika hatua za mwisho za maisha, mwenye fomu ya SR1 inayojazwa na daktari, ana utaratibu wa haraka. Iambie kaunsili mara moja, usimngojeshe kwenye foleni.

3. Pima kabla ya kuandika. Hatua hii ndiyo inayobeba maombi yote, na ndiyo inayorukwa. Chagua njia anayoijua mzee: mlangoni hadi kituo cha basi, au hadi duka la kona. Pima urefu wake kwa ramani ya simu. Siku ya kawaida, isiyo njema kupita kiasi wala mbaya kupita kiasi, mtembee pamoja kwa mwendo wake, na saa ya simu ikihesabu. Andika:

- mita alizokwenda kabla ya kusimama mara ya kwanza;
- kilichomsimamisha: maumivu (wapi?), kuhema, kizunguzungu, mguu kukosa nguvu;
- alipumzika muda gani, akiwa amesimama, ameegemea au ameketi;
- alisimama mara ngapi, na dakika zote ni ngapi;
- alishika nini: fimbo, mikongojo, fremu, mkono wako;
- alikuwaje baadaye, saa moja baadaye na kesho yake asubuhi.

Usimlazimishe afike. Akishindwa katikati, hilo lenyewe ni jibu. Andika aliposhindwa mrudi. Kama kutembea kunamletea maumivu ya kifua, usifanye zoezi hili kabisa. Andika kwamba daktari amemkataza, na uambatishe barua inayosema hivyo.

4. Jaza fomu kwa vitendo. Fomu ni ya Kiingereza, lakini zungumzeni kwanza kwa Kiswahili, mwandike mkubaliane, ndipo utafsiri. Linganisha majibu haya mawili kuhusu mama yule yule.

"Mama ni mzee, ana baridi yabisi na kisukari, miguu inamsumbua sana, hawezi kutembea vizuri. Tunaomba mtusaidie."

"Kutoka mlangoni hadi kituo cha basi ni mita 90. Natumia fimbo mkono wa kulia, na kushoto namshika binti yangu. Baada ya mita 25 hivi nyonga ya kulia inauma na nasimama dakika mbili nikiegemea ukuta wa jirani. Nasimama mara tatu. Nafika baada ya dakika tisa, na lazima nikae. Jioni yake siwezi kupanda ngazi, nalala sebuleni. Nimeanguka mara mbili mwaka huu, mara moja nikashonwa kwenye paji la uso."

La kwanza ni la kweli na linaumiza moyo, lakini halimpi afisa cha kuamulia. La pili lina mita, dakika, sababu na matokeo. Usiongeze chumvi. Kama wakati mwingine anafika bila kusimama, andika hivyo na useme ni mara ngapi kwa wiki, kwa sababu barua za hospitali zikipingana na fomu, fomu ndiyo inayopoteza imani.

Kwa ulemavu usioonekana, eleza kinachotokea safarini. "Ana usonji" haitoshi. Sema: honi ikilia anaziba masikio na kukaa chini popote alipo, hata katikati ya barabara, hutokea karibu kila tukitoka, inatuchukua watu wazima wawili kumwinua, tumeshajaribu vizuia kelele na kutoka asubuhi mapema. Andika pia kwa nini kuegesha karibu kungesaidia, maana ndilo swali analojiuliza afisa.

5. Ambatisha ushahidi, na usilipie barua ya GP. Kaunsili haitegemei barua ya daktari wako wa kawaida, na kliniki nyingi huitoza. Barua fupi ya "huyu ni mgonjwa wangu" haiongezi kitu. Barua ya daktari wa mifupa, ripoti ya fiziotherapia, mpango wa huduma wa kaunsili, barua ya kliniki ya kumbukumbu: hizo zina uzito, na nyingi unazo tayari kabatini. Piga picha kila ukurasa ukiwa umenyooka na pembe zote nne zinaonekana.

6. Tuma, na uhifadhi namba ya maombi. Barua pepe uweke inayofunguliwa na mtu kila siku. Si ile ya mjukuu aliyerudi chuoni. Uamuzi unaweza kuchukua wiki 12 au zaidi. Kaunsili ikiomba karatasi ya ziada na usijibu, maombi hufungwa kimya kimya.

7. Siku ya tathmini. Si kila mtu huitwa. Akiitwa, atakutana na mtaalamu wa kupima utembeaji, mara nyingi wa fiziotherapia, ambaye hamtibu na hamjui. Ombeni mkalimani mnapopewa miadi, na asiwe mtoto wa nyumbani. Avae viatu anavyovaa kila siku, aje na fimbo yake, na dawa za maumivu azinywe kama kawaida.

Ongea na mzee mapema kuhusu adabu zetu. Mtu aliyelelewa kutolalamika mbele ya mgeni ataulizwa "unaendeleaje?" na atajibu "sijambo, namshukuru Mungu", kisha atajikaza atembee wima hadi mwisho wa ukumbi kwa heshima ya mwenyeji. Mtaalamu ataandika alichokiona na kukisikia. Mweleze kwamba kusema "hapa panauma, naomba nisimame" ndiko kumsaidia mtaalamu kufanya kazi yake. Maumivu yakianza, asimame. Hakuna anayepimwa ujasiri.

8. Beji ikifika. Inadumu hadi miaka 3. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya simu na uanze kuomba upya wiki 12 kabla. Hakuna muda wa ziada: ikiisha leo, kesho ni faini.

## Kuitumia bila kupigwa faini

Blue Badge ni ya mtu, haifungwi kwenye gari. Mzee anaweza kuitumia kwenye gari lako, la jirani au teksi, mradi yeye yumo safarini, au gari linakwenda kumchukua au kumshusha. Kwenda nayo sokoni peke yako huku mama amebaki nyumbani ni kosa la jinai: faini hadi pauni 1,000, na beji kunyang'anywa. Maafisa wa kaunsili huwa wanauliza, na wana haki ya kuikagua.

Iweke kwenye dashibodi, upande wenye alama ya kung'aa na tarehe ukitazama juu usomeke kupitia kioo. Upande wenye picha ulale chini.

Inakupa nini barabarani? Nafasi za walemavu za barabarani na nafasi zenye mashine ya kulipia unakaa bila malipo kadiri unavyohitaji, isipokuwa kibao kitaje kikomo. Mstari mmoja au miwili ya njano unakaa kwa muda usiozidi saa 3, na hapo saa ya bluu inayokuja na beji ni lazima: geuza mshale uonyeshe wakati uliofika. Ukiondoka, usirudi kwenye mstari wa njano wa barabara hiyo hiyo kabla ya saa nzima kupita siku hiyo. Scotland hakuna kikomo cha saa 3.

Kabla ya kushuka kwenye mstari wa njano, tazama jiwe la ukingo wa barabara. Michirizi ya njano iliyopakwa kwenye jiwe lenyewe inamaanisha hairuhusiwi kupakia wala kupakua. Mchirizi mmoja mmoja: ni kwa saa zilizoandikwa kwenye kibao. Miwili miwili: ni wakati wote. Palipo na michirizi, ndani ya saa zake, Blue Badge haikulindi hata kidogo. Faini nyingi za watu wenye beji halali zinatoka hapa.

Pia haikulindi kwenye njia za mabasi na baiskeli, mistari ya zigizaga ya vivuko vya waenda kwa miguu, alama za mbele ya shule, na barabara za mistari myekundu saa zake za kazi. Nafasi za wakazi wenye vibali zina sheria tofauti kila kaunsili. Kwenye viwanja vya maegesho, hata vya kaunsili yenyewe, soma ubao: vingine bure, vingine unalipa kama kawaida. Supamaketi na maegesho ya kampuni ni ardhi binafsi yenye masharti yake.

Hospitali za NHS za England zinazotoza maegesho zinatakiwa kuwapa watu wenye ulemavu maegesho ya bure, lakini nyingi zina kamera za kusoma namba za gari. Kuweka beji kwenye dashibodi hakuioneshi kamera kitu. Pitia mapokezi au kwenye mashine uandikishe namba ya gari kabla ya kuondoka.

Katikati ya London kuna maeneo ambako mpango huu hautumiki kikamilifu: City of London, Westminster, Kensington and Chelsea, na sehemu ya Camden. Soma masharti ya eneo husika kabla hujatoka. Ada ya msongamano ya London nayo haifutwi na beji yenyewe. Unajisajili kwanza kwa Transport for London, pauni 10 za usajili, magari hadi mawili. Na ULEZ, ada ya London kwa magari yanayochafua hewa, ni kitu kingine kabisa, Blue Badge haiigusi.

## Pasi ya basi

Hii ni nyepesi zaidi, na ni bure.

1. Angalia umri. England pasi ya wazee hutolewa ukifika umri wa pensheni ya serikali. Ulikuwa 66, na sasa unapanda hatua kwa hatua hadi 67 kati ya 2026 na 2028. Aliyezaliwa kabla ya 6 Aprili 1960 ni 66. Aliyezaliwa kuanzia 6 Machi 1961 ni 67. Waliozaliwa katikati wanaongezewa miezi, gov.uk ina kikokotoo kinachotoa tarehe kamili. Huhitaji kuwa unalipwa pensheni, umri ndio unaohesabiwa. Scotland, Wales na Northern Ireland wanaanza miaka 60.

2. Kama hajafika umri, angalia ulemavu. Pasi ya ulemavu haina masharti sawa na Blue Badge; ni pana zaidi. Inawahusu wasioona au wenye uoni hafifu, viziwi wa kiwango kikubwa, wasioweza kusema, wenye shida kubwa na ya muda mrefu ya kutembea, wasio na mikono au wasioweza kuitumia, wenye ulemavu wa kujifunza, na wale ambao wangenyimwa leseni ya udereva kwa sababu ya afya. Kundi hilo la mwisho husahaulika: mtu mwenye kifafa ambacho hakijadhibitika, au ugonjwa mkali wa akili, anaweza kustahili hata kama hajawahi kushika usukani maishani mwake. PIP ya pointi 8 za kutembea, au pointi 8 za kuwasiliana kwa mazungumzo, inatosha kuthibitisha.

3. Omba mahali sahihi. Kwa kawaida ni kaunsili. Lakini Manchester na miji inayoizunguka ni Transport for Greater Manchester, na Birmingham na jirani zake ni Transport for West Midlands. Kwa hiyo mkazi wa Birmingham anaomba Blue Badge kwa kaunsili na pasi ya basi kwingine.

4. Jua saa zake. Inatumika kwenye mabasi ya kawaida popote England, Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 5:00 usiku, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu siku nzima. Kaunsili nyingine zinaongeza saa za mapema, lakini kwa kawaida kwa wakazi wake tu. Miadi ya hospitali ya saa 3:00 asubuhi inaweza kumaanisha kulipa nauli ya kwenda. Mabasi ya masafa marefu hayamo.

5. Uliza kuhusu msindikizaji. Kama mwenye pasi hawezi kusafiri peke yake, kaunsili nyingine hutoa pasi inayomruhusu mtu mmoja kupanda naye bure. Sheria haizilazimishi, na wasioomba hawaambiwi.

Mkazi wa London anapata pasi iitwayo Freedom Pass kupitia halmashauri ya mtaa wake. Ya wazee inafanya kazi kwenye mabasi na treni za chini ya ardhi kuanzia saa 3:00 asubuhi siku za kazi. Ya ulemavu inatumika saa zote kwenye huduma nyingi za Transport for London. Kuanzia miaka 60 hadi umri wa pensheni kuna kadi ya Oyster ya 60+, ambayo ina ada. Asiyeweza hata kupanda basi aombe Taxicard, yenye kupunguza nauli ya teksi, na Dial-a-Ride, basi dogo la bure linalomchukua mtu mlangoni. Nje ya London, iulize kaunsili kuhusu usafiri wa jamii. Miji mingi ina huduma inayofanana.

## Nafasi ya walemavu mbele ya nyumba

Inaombwa idara ya barabara ya kaunsili. Kwa kawaida wanataka Blue Badge, gari lililosajiliwa kwenye anwani hiyo, na kusiwe na mahali pa kuegesha ndani ya kiwanja. Inachukua miezi, kwa kuwa nafasi yenye nguvu ya sheria lazima itangazwe na majirani wapewe nafasi ya kupinga. Ongea na majirani kabla hawajaliona tangazo. Na mwambie mzee mapema: nafasi hiyo haitakuwa yake peke yake. Yeyote mwenye Blue Badge ana haki ya kuegesha hapo.

## Mambo yakikwama

*Blue Badge imekataliwa.* Kaunsili inatakiwa ikupe sababu kwa maandishi. Zisome, kisha omba uamuzi uangaliwe upya ndani ya muda uliotajwa kwenye barua, mara nyingi siku 28. Usirudie maelezo yale yale. Jibu sababu yao moja kwa moja, kwa vipimo vipya na barua ambayo hawakuiona. Hakuna mahakama ya rufaa ya Blue Badge. Kama utaratibu haukufuatwa, kwa mfano walipuuza ushahidi, pitia malalamiko ya kaunsili hadi mwisho, ndipo uende kwa Local Government and Social Care Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya kaunsili, bila malipo.

*Hali imekuwa mbaya baada ya kukataliwa.* Omba upya, huhitaji kungoja mwaka.

*Tumepigwa faini na beji ilikuwepo.* Tazama karatasi imetoka kwa nani. Ikiwa ni Penalty Charge Notice (hati ya faini) ya kaunsili, pinga ndani ya siku 14, ukiambatisha picha ya beji pande zote mbili na ya gari lilivyokuwa. Wakikataa, subiri barua ya Notice to Owner, inayotumwa kwa mmiliki wa gari, na upinge rasmi ndani ya siku 28, kisha ukate rufaa kwenye baraza huru: London Tribunals au, nje ya London, Traffic Penalty Tribunal. Ukilipa, umekubali kosa na kesi imefungwa. Ikiwa ni ya kampuni binafsi, waandikie wao kwanza, utaje Equality Act 2010, sheria ya usawa, kama mzee alihitaji muda zaidi kwa sababu ya ulemavu wake.

*Beji imeibwa.* Ripoti polisi upate namba ya tukio, kisha iarifu kaunsili. Ikionekana baadaye, usiitumie. Imeshafutwa kwenye mfumo na itakuletea kesi.

*Tumehama.* Iarifu kaunsili ya zamani na mpya. Pasi ya basi unaomba upya unakohamia.

*Mwenye beji amefariki.* Irudishe kwa kaunsili iliyoitoa, kwa posta au mkononi, na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba imepokelewa. Pasi ya basi na Taxicard hurudishwa vivyo hivyo kwa waliozitoa.